Sungusungu wa Ndani ya Kiazi: Kwa Nini Tuchague Marando kwa Makini



Somo la toleo hili linahusu kiazi kitamu. Tumelichagua kwa sababu ya maswali mawili yanayotufikia mara kwa mara. Swali la kwanza linatoka kwa kamati za parokia: kwa nini marando ya viazi lishe tuliyopanda kwenye shamba la parokia yalizaa vizuri msimu wa kwanza, msimu wa pili yakapungua, na msimu wa tatu yakatoa majani madogo yaliyokunjamana na viazi vyembamba kama vidole? Swali la pili linatoka kwa wafadhili: je, hakuna dawa ya kunyunyizia ugonjwa huo, ili tutume fedha za dawa?

Jibu fupi la swali la pili ni kwamba hakuna. Ugonjwa huo unaletwa na virusi, na hakuna dawa ya shambani inayoua virusi vikishaingia ndani ya mmea. Lakini jibu hilo peke yake linakatisha tamaa, na tena halijakamilika. Mmea wenyewe unao ulinzi wake, aliouweka Muumba, na ulinzi huo hufanya kazi vizuri mpaka pale unapovunjwa kwa namna maalumu. Tukielewa unavyofanya kazi na unavyovunjwa, tutajua pia la kufanya shambani. Tunawaomba msome somo hili polepole, na ikiwezekana lisomwe kwa sauti kwenye kikao cha kamati.

Kiazi na njia ya msafara

Asili ya kiazi kitamu ni bara la Amerika, lakini hapa kwetu kimekaa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayekiona mgeni. Richard Burton, aliyefika Tabora pamoja na John Speke mwaka 1857, wakati wageni wakiuita mji huu Kazeh, alikitaja kiazi kitamu katika kitabu chake cha mwaka 1860 miongoni mwa mazao ya nchi hizi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilipumzika hapa na kununua chakula hapa. Baadaye ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912. Leo ni mabasi na malori. Chakula na mbegu vimepita katika njia hii kizazi baada ya kizazi.

Sisi tunaokaa Unyamwezi tunajua thamani ya zao hili. Kinapokauka kiangazi na ghala la mahindi likaonekana chini, ni michembe na matobolwa yanayoivusha nyumba. Mama anayekata viazi na kuvianika mwezi wa Juni anaweka akiba ya Januari. Majani yake, matembele, ni mboga ya kila siku. Kwa hiyo kiazi kikiugua, anayepungukiwa kwanza ni mama na watoto wake.

Tofauti na mahindi, kiazi hakipandwi kwa punje. Kinapandwa kwa rando, yaani kipande cha mmea ulio hai. Hapo ndipo penye faida na penye hatari. Faida ni kwamba rando linabebeka kirahisi: mtu anaweza kutoka Urambo na mzigo mmoja akaanzisha shamba Sikonge. Hatari ni kwamba punje mara nyingi huacha nyuma magonjwa ya mama yake, lakini rando huenda nayo yote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anayebeba marando yenye virusi anabeba ugonjwa begani mwake bila kujua, na anaposhuka kwenye basi anaugawa kwa ndugu na majirani kama zawadi.

Mmea unavyojilinda

Mmea hauna damu wala chembe nyeupe za kinga kama mwanadamu. Hauwezi kukimbia. Hata hivyo kila siku unashambuliwa na virusi, na mara nyingi haufi. Unajilindaje?

Ili tuelewe, tukumbuke sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku kwetu Unyamwezi na Usukuma, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi walijipanga wenyewe. Mwizi alipoingia kijijini, filimbi na yowe vilipigwa. Waliosikia wakapokezana yowe hilo hadi vijiji vya mbele. Watu wakafuata nyayo, na kila kijiji kilijua wanamtafuta nani kwa sababu alama zake zilikuwa zimetangazwa.

Ndani ya kiazi mambo huenda karibu hivyo hivyo. Kila kiumbe hai kina jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya chembe zake. Maagizo hayo hunakiliwa kwenye ujumbe unaoitwa RNA, na chembe husoma ujumbe huo na kutengeneza kinachotakiwa. Virusi vingi vya mimea ni ujumbe wa RNA tu, uliovikwa gamba la protini. Kirusi kikiingia ndani ya chembe huilazimisha isome ujumbe wake, na kujinakili mara maelfu.

Kirusi kinapojinakili, kwa muda hutokea RNA yenye nyuzi mbili zilizoshikana. Katika kazi za kawaida za chembe, RNA nyingi huwa na uzi mmoja. Kwa hiyo uzi wa pili ni kama nyayo za mwizi mlangoni. Mmea unacho kimeng'enya cha kukata, ambacho wataalamu hukiita Daisa. Kimeng'enya hiki huikamata ile RNA ya nyuzi mbili na kuikata vipande vidogo sana, vyenye urefu wa herufi 21, 22 au 24 za lugha ya jeni. Vipande hivyo ndivyo alama za mwizi. Kila kipande hukabidhiwa kwa protini nyingine iitwayo Agonauti, ambayo hukishika na kuzunguka nacho ndani ya chembe ikilinganisha. Ikikuta ujumbe wowote unaofanana na kipande ilichoshika, huukata. Ujumbe uliokatwa hausomeki tena. Jeni la kirusi linakuwa limenyamazishwa, na kwa sababu hiyo kazi hii yote inaitwa kunyamazisha jeni.

Yapo mambo mengine mawili ya kukumbuka. Kwanza, mmea una kimeng'enya cha kuongeza alama. Huchukua vipande vya ujumbe uliokatwa na kutengeneza nyuzi mbili mpya, ili Daisa ipate cha kukata tena na alama ziwe nyingi. Pili, alama hizo husafiri. Hupita kwenye vitundu kati ya chembe na chembe, kisha huingia kwenye mishipa inayosafirisha chakula kutoka kwenye majani, na kufika kwenye majani machanga kabla kirusi hakijajizatiti. Yowe limetangulia mbele ya mwizi.

Wataalamu walivyofahamu haya

Dalili za kwanza zilionekana kwenye tumbaku, zao tunalolifahamu sana Tabora. Mwaka 1928, huko Virginia nchini Marekani, mtaalamu aitwaye Wingard aliandika kuhusu mimea ya tumbaku iliyopata ugonjwa wa madoa ya mviringo. Majani ya chini yaliugua vibaya, lakini majani mapya ya juu yalitoka yakiwa safi. Tena, alipojaribu kuyaambukiza majani hayo ya juu, hayakuugua. Mmea ulikuwa umepona na kupata kinga, lakini sababu haikujulikana kwa miaka mingi.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani na Uholanzi walijaribu kuongeza rangi ya zambarau kwenye maua ya petunia kwa kuongeza jeni la rangi. Badala ya kukolea, baadhi ya maua yalitoka meupe. Jeni lililoongezwa lilinyamazishwa, likanyamazishwa pamoja na lile la asili. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza, akiwemo David Baulcombe, walionyesha kwamba kupona kwa mimea iliyoambukizwa virusi na kunyamazishwa kwa jeni ni kazi zinazofanana. Mwaka 1999 Baulcombe na mwenzake Andrew Hamilton wakaviona vile vipande vidogo vya RNA. Wakati huo huo Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello walikuwa wamegundua jambo la aina hiyo kwenye minyoo mwaka 1998, na mwaka 2006 wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Ulinzi nao una mipaka yake

Sungusungu walifanya kazi nzuri, lakini wazee wanakumbuka pia kwamba jeshi la namna hiyo lisipokuwa na mipaka linaweza kumpiga asiye na hatia. Ndiyo maana hatimaye, mwaka 1989, sheria ilitungwa kulipa msingi na utaratibu.

Mmea nao una tatizo hilo hilo. Kunyamazisha jeni si silaha ya virusi peke yake. Mmea hutumia chombo hicho hicho kuongoza maisha yake: jeni gani lifanye kazi kwenye jani na lipi kwenye mzizi, lini kukua na lini kutoa maua. Kwa kazi hiyo mmea hutengeneza vipande vyake vidogo vya RNA, na vipande hivyo huongoza Agonauti kama vile alama za kirusi zinavyofanya. Kama Agonauti ingekuwa nyingi kupita kiasi na kukata ovyo, mmea ungejidhuru wenyewe.

Kwa hiyo mmea umewekewa breki. Kimojawapo cha vipande vyake vidogo kazi yake ni kukata ujumbe unaotengeneza Agonauti yenyewe. Kingine hukata ujumbe unaotengeneza Daisa. Agonauti ikizidi hupunguzwa, ikipungua huachiwa iongezeke. Hali ya hewa pia ina nafasi yake, maana katika baridi ulinzi huu hulegea na katika joto huimarika. Tunaeleza haya ili ijulikane kwamba nguvu ya ulinzi wa mmea ina kiwango, na kirusi kinachojua mahali pa kugusa kinaweza kuupindua mzani wote. Vipo virusi vya mimea mingine ambavyo huusukuma mmea ukanyage breki yenyewe, Agonauti ipungue, navyo vipate nafasi ya kuenea.

Virusi viwili vinapokutana

Sasa turudi kwenye viazi vyetu. Mwaka 1957 mtaalamu Frances Sheffield, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alieleza kwamba ugonjwa wa viazi vitamu Afrika Mashariki unahusisha virusi zaidi ya aina moja. Aina moja huenezwa na vidukari, nyingine huenezwa na inzi weupe. Leo tunavijua virusi hivyo kwa majina.

Cha kwanza kwa kifupi cha kimataifa huitwa SPFMV. Katika somo hili tutakiita kirusi cha mabaka, kwa sababu kinapoonekana hufanya mabaka yenye umbo la manyoya kwenye majani. Huenezwa na vidukari. Kikiwa peke yake kwenye aina nyingi za viazi vya Afrika Mashariki, mara nyingi huwezi hata kukiona. Ulinzi wa mmea unakibana na kukiacha katika kiwango cha chini, na mavuno hayapungui sana. Baadhi ya aina za Uganda zimeonyesha kwamba marando yaliyotoka kwenye mmea wenye kirusi hiki hufikia hatua ya kutokuwa nacho kabisa. Mmea umejisafisha.

Cha pili huitwa SPCSV. Tutakiita kirusi cha udumavu. Huenezwa na inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa majani. Kirusi hiki hukaa ndani ya mishipa ya kusafirisha chakula, yaani kwenye barabara kuu ya mmea. Kikiwa peke yake hufanya majani ya chini yawe ya manjano au zambarau, na mmea hudumaa kiasi.

Vikikutana vyote viwili kwenye mmea mmoja, hapo ndipo shamba linapoharibika. Mwaka 2000 mtaalamu wa Uganda, Robert Karyeija, na wenzake walitangaza matokeo ya vipimo vyao. Kirusi cha udumavu kikiingia kwenye mmea wenye kirusi cha mabaka, kirusi cha mabaka huongezeka kiasi cha mara 600. Kile kilichokuwa kimebanwa kimya kinafumuka. Majani yanakuwa membamba, madogo, yamekunjamana na kupauka. Mmea unadumaa, na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya nusu.

Je, kirusi cha udumavu kinafanya nini? Utafiti uliotangazwa mwaka 2005 na 2009 ulitoa jibu. Kirusi hicho hubeba kimeng'enya chake cha kukata, kiitwacho RNase3. Kimeng'enya hiki hakishughuliki na mmea mzima. Kinatafuta vile vipande vya alama vyenye herufi 21, 22 na 24, na kuvikata tena kuwa vifupi, vya herufi kama 14 hivi. Alama fupi namna hiyo haimtambulishi mtu yeyote. Ni sawa na mwizi anayepita mbele ya sungusungu akifuta nyayo na kuchana matangazo. Askari wapo, filimbi zipo, lakini hawajui wanamtafuta nani.

Mwaka 2009 watafiti waliweka jeni la RNase3 peke yake kwenye viazi, bila kirusi cha udumavu. Viazi hivyo vilipoambukizwa kirusi cha mabaka, viliugua vibaya kama vile virusi vyote viwili vipo. Hapo ilithibitika kwamba kimeng'enya hicho kimoja kinatosha kuuvunja ulinzi wa kiazi.

Wanaolima muhogo watauona mfano unaofanana. Batobato kali lililoenea Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, likaingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa baya zaidi pale ambapo virusi vya aina mbili vilikutana kwenye shina moja. Wataalamu wameona kwamba kila kimoja kina njia yake ya kudhoofisha unyamazishaji wa jeni, na vikiwa pamoja vinasaidiana.

Je, maabara itatuokoa?

Wapo wanaouliza kwa nini wasitengeneze tu kiazi kisichougua. Imejaribiwa. Kenya ilifanya majaribio ya kiazi kilichobadilishwa jeni ili kikinge kirusi cha mabaka, na mwaka 2004 ikatangazwa kwamba hakikufanya vizuri kuliko viazi vya kawaida. Tukikumbuka tuliyosoma hapo juu hatutashangaa, maana adui anayefungua mlango ni kirusi cha pili. Mwaka 2008 watafiti wengine walitangaza matokeo ya kiazi kilichoandaliwa kunyamazisha jeni la kirusi cha udumavu chenyewe. Kirusi kilipungua, lakini kiasi kidogo kilichobaki kilitosha kuvunja ulinzi, na mmea ukaugua kirusi cha mabaka kilipoingia.

Utafiti unaendelea na tunauombea. Umeshatupa pia faida moja kubwa: wataalamu sasa husoma vile vipande vidogo ndani ya jani na kutambua virusi vyote vilivyomo, hata visivyofahamika kabla. Alama za sungusungu zimekuwa daftari la polisi. Lakini mama wa Nzega anayepanda Novemba hii hawezi kusubiri. Somo kubwa kwake ni hili: usikiruhusu kirusi cha pili. Kirusi cha udumavu kikizuiwa, kiazi chenye asili nzuri kitajilinda chenyewe dhidi ya kile cha kwanza.

Yapasayo kufanywa na kamati

Mambo yafuatayo hayahitaji maabara.

1. Chagueni mimea mama mapema. Mwezi wa Aprili au Mei, kabla ya kuvuna, piteni shambani na kufunga kamba kwenye mimea iliyostawi, yenye majani mapana na yasiyo na dalili. Chukueni marando kwenye mimea hiyo tu. Mkikata, tumieni sehemu ya ncha, kiasi cha sentimita 30, kwa sababu sehemu ya chini huwa na mayai ya fukuzi.

2. Ng'oeni wagonjwa bila huruma. Mmea wenye majani madogo, membamba na yaliyopauka hautapona. Ung'olewe katika mwezi wa kwanza au wa pili, upelekwe mbali na kufukiwa. Mmea mmoja ulioachwa ni kituo cha inzi weupe cha kuambukiza shamba zima.

3. Tenganisheni shamba jipya na la zamani. Angalau mita 15 zinasaidia. Msipande marando mapya pembeni ya tuta kuukuu lililoota lenyewe, na ng'oeni masalia ya msimu uliopita.

4. Hifadhini viazi kwenye mchanga. Tatizo letu kubwa Tabora ni kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba. Marando hukauka, na mvua ikianza kila mtu hukimbilia yale machache yaliyobaki bondeni, ambayo yamekaa kwenye magonjwa miaka mingi. Njia iliyojaribiwa Uganda na Kanda ya Ziwa ni hii: wakati wa kuvuna chagueni viazi vidogo hadi vya kati, visivyo na matundu ya fukuzi, kutoka kwenye mimea mama. Vipangeni kwenye beseni au shimo lenye mchanga mkavu, ndani ya nyumba, mahali pa baridi. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, yaani kwenye Septemba, vipandeni kwenye bustani yenye uzio na kumwagilia. Mvua ikianza mtakuwa na marando yenu wenyewe.

5. Parokia zenye uwezo zijenge kitalu cha neti. Ni fito na neti yenye matundu madogo isiyopitisha inzi weupe wala vidukari, na ndani yake hupandwa marando safi kutoka kituo cha utafiti. Majaribio ya Kanda ya Ziwa yameonyesha kwamba marando yanaweza kubaki safi ndani ya neti kwa zaidi ya miaka 2. Neti ikitoboka ishonwe siku hiyo hiyo.

6. Ombeni ukaguzi. Anayezalisha marando ya kuuza au kugawa aonane na afisa kilimo, na asajiliwe chini ya utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora unaosimamiwa na TOSCI.

Kuhusu aina za kupanda, tukumbuke kwamba hazilingani. Kwa mfano, Ejumula ni kiazi lishe kizuri kwa watoto kwa ajili ya vitamini A, lakini huugua haraka. New Kawogo ya Uganda huvumilia zaidi. Wazee wetu nao wana aina za kienyeji zilizodumu miaka mingi bila kupotea. Aina hizo zimedumu kwa sababu ulinzi wake una nguvu na kwa sababu akina mama walichagua marando kwa jicho kali. Msizitupe kwa kupokea aina mpya.

Neno kwa wafadhili

Hapa tunapaswa kusema ukweli juu yetu wenyewe. Tulipoanza kazi hii, tulihesabu mafanikio kwa idadi ya marando yaliyogawiwa. Taarifa zetu zilionyesha namba kubwa, nanyi mkafurahi pamoja nasi. Hatukuuliza kwa makini marando yalitoka wapi, wala yalikuwaje msimu wa tatu. Marando mengine yalinunuliwa haraka, mvua ikiwa imeshaanza, kutoka kwenye mashamba ambayo hakuna aliyeyakagua. Inawezekana kabisa kwamba katika kusaidia tulipeleka kirusi cha pili kwenye kaya ambazo hazikuwa nacho. Tunaomba radhi kwa kaya hizo, na tumebadilisha utaratibu.

Kuanzia sasa taarifa zetu zitaeleza chanzo cha marando, tarehe ya ukaguzi, na ni mimea mingapi kati ya 100 iliyoonyesha dalili katika msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Idadi ya waliogawiwa inaweza kupungua. Tunawaomba msivunjike moyo kwa namba hizo ndogo. Fedha za neti, mabeseni, mchanga na nauli ya mkaguzi hazipendezi kwenye picha kama lori lililojaa marando, lakini ndizo zitakazofanya kazi ya lori hilo isipotee.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Marando tuliyopanda msimu uliopita yalitoka wapi, na nani aliyakagua?
2. Katika mashamba ya jumuiya zetu, ni mimea mingapi kati ya 100 ina majani madogo na yaliyokunjamana? Hesabuni wenyewe kabla ya kikao kijacho.
3. Ni nani katika kila jumuiya anaweza kuhifadhi viazi kwenye mchanga kiangazi hiki, na bustani yenye maji iko wapi?
4. Ni aina gani za kienyeji ambazo bibi zetu bado wanazo? Ziandikeni majina.
5. Katika mfano wa magugu na ngano, Bwana aliwaambia watumishi wangoje mpaka mavuno. Kwa nini sisi tunaambiwa tung'oe viazi vilivyougua mapema? Jadilini tofauti kati ya kuwahukumu watu na kutunza shamba.

Tunasubiri majibu yenu, hasa la swali la pili, kabla ya toleo lijalo. Mwenyezi Mungu abariki matuta yenu na mikono inayoyalima.